Shikamoo za Domina

Domina nimemjua tangu hajaota meno. Mama yake na mimi tulikaa dawati moja mpaka tukamaliza darasa la saba, na siku hizo aliyemaliza darasa la saba hapa Mvumi alikuwa mtu wa kusimamishwa njiani asomee watu barua zao. Kwa hiyo haya ninayoandika mengi nimeyaona mwenyewe. Niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa na nani.

Alipokuwa mtoto, Domina alikuwa na macho ambayo watu walikuwa wanayagombea. Mpunga ukianza kukomaa, watoto tunawapeleka shambani kuamia ndege, nao wengi hulala kwenye kivuli mpaka kwelea kwelea wameshashiba. Domina hakuwa wa hivyo. Alikuwa anaona kundi la ndege likiwa bado kidoa tu juu ya milima ya upande wa Mamboya, anaanza kupiga debe, sisi wengine tunatazama juu hatuoni kitu, mara hao wanafika. Wenye mashamba ya jirani walimletea miwa ili aamie na kwao. Mimi mwenyewe nilimpelekea. Ndiyo maana yaliyotokea ukubwani yalinichanganya kichwa, na kusema kweli hayajaacha kunichanganya.

Aliolewa, akazaa, mume akafariki, watoto wakaenda zao mjini. Akabaki anauza mchele na maharage kando ya lami iendayo Kilosa, ametandika turubai chini, pikipiki zinapita karibu hata upepo wake unapeperusha pumba. Hakuwa peke yake. Pembeni yake alikaa Limi, mwanamke wa Kisukuma ambaye familia yao ilihamia huku na ng'ombe wakati mume wangu bado yu hai. Mambo ya ng'ombe na mashamba hapa kwetu sina haja ya kuyaeleza, kila mtu anayajua. Lakini hao wawili walielewana kama waliozaliwa nyumba moja. Limi alikuwa na tabia iliyotukera sisi watu wazima. Ukiwa bado unakuja kwa mbali, anamsogelea Domina sikioni, ananong'ona. Ukifika, wote wawili wanatabasamu na Domina anakuamkia vizuri kabisa, na jina lako analitaja. Tukawa tunasema yule Msukuma anatusengenya, ana midomo, anamharibu mtoto wa watu.

Kisha halmashauri ikajenga soko jipya, la bati na sakafu ya saruji, na ndani vizimba vya wafanyabiashara. Vizimba vikagawiwa kwa kuchagua vikaratasi kwenye ndoo. Limi akapata, Domina akakosa. Limi akahamia ndani na mizani yake, Domina akabaki peke yake pale barabarani.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza.

Siku moja nilipita mbele yake asubuhi, nimevaa kitenge changu cha kanisani, jua linawaka. Nikapunguza mwendo kama mtu mzima anavyopunguza ili aamkiwe. Domina akanigeuzia uso, akatazama begani kwangu, kisha akaendelea kupanga vikopo vyake. Hakusema neno. Nikasimama kidogo. Hakuna. Sasa shikamoo haiombwi. Mtu wa umri wangu akisimama barabarani kudai shikamoo, aibu inakuwa ya kwake yeye. Nikaondoka. Sijafika mbali nikasikia anamfukuza kuku aliyenyatia mchele kutoka ubavuni, na kikopo alichomrushia kilimpata.

Nikajiuliza, kuku anaonekana, mimi sionekani?

Haikuwa mimi peke yangu. Mzee Paulo, fundi seremala wa siku nyingi, naye alinyimwa. Mke wa katekista alinyimwa. Tukakaa tukasema Domina ameanza maringo, na hatukujua anaringia nini, maana kizimba chenyewe amekosa. Maneno hayo yakamfikia. Hapa kwetu maneno hayachelewi.

Alichofanya baada ya hapo kilinishinda kabisa. Akaanza kuamkia watu wote. Si wakubwa tu, wote. Nilifurahi siku ya kwanza aliponiambia shikamoo, nikamwitikia marahaba kwa sauti ili na wengine wasikie. Kabla sijavuka barabara, nikamsikia anampa shikamoo mtoto wa shule wa darasa la tatu. Yule mtoto alikimbia huku ameziba mdomo. Siku nyingine, na hii niliiona kwa macho yangu, aliliamkia gunia la mkaa lililosimamishwa kwenye nguzo ya umeme, ambalo mwenye mkaa alikuwa ameliwekea kofia yake juu akaenda kujisaidia. Alisema shikamoo, akangoja, akarudia tena kwa sauti ya juu.

Mzee Paulo akasema huko ni kutukejeli. Mke wa katekista akasema ni wazimu, aombewe. Mimi sikujua niseme lipi. Kama ni kejeli, mtu anakejeli gunia? Na kama ni wazimu, mbona chenji harudishi vibaya?

Haya yanayofuata nilisimuliwa na Limi, baada ya mambo kuisha. Kumbe Limi alijua siku zote. Macho ya Domina yalikuwa yameanza kufa miaka kadhaa nyuma, taratibu, yakianzia katikati. Yale aliyokuwa akimnong'oneza sikioni hayakuwa umbea. Yalikuwa majina. "Anakuja Mama Gabrieli," ndiye mimi. "Huyu Mzee Paulo, ana msumeno." Domina alimkataza asimwambie mtu, kwa sababu mwanamke mjane anayejulikana haoni, watu hujipimia wenyewe mchele wake. Limi alipohamia ndani, Domina akabaki na vivuli tu vinavyopita, vyote vya namna moja, na asijue yupi ni wa kuamkiwa. Mwanzo akanyamaza asije akamwamkia mtoto. Aliposikia anaitwa mwenye maringo, akaamua bora amwamkie hata mtoto kuliko kumkosea mkubwa.

Limi ndiye aliyesikia redioni kwamba madaktari wa macho wa serikali wanakuja Mikumi na watapima bure. Akafunga kizimba, akampeleka. Walipitia Kilosa, na gari lilipofika kile kijiji kiitwacho Ulaya, Limi akamwambia, dada, shukuru Mungu, na sisi tumefika Ulaya. Domina akamjibu kwamba hata Ulaya yenyewe anaiona kingo tu.

Kule Mikumi wakamweka mbele ya ubao wenye alama kama kichana, zingine meno yake yametazama juu, zingine pembeni, aonyeshe kwa mkono yanakotazama. Akawa anageuza shingo kama kuku anayetaka kudonoa. Daktari mwanamke akamwambia amtazame usoni, naye akamwambia, nikikutazama usoni unapotea. Limi alidhani watasema mtoto wa jicho, wakwangue, yaishe. Wakasema siyo. Ni lile pazia la nyuma ya jicho, limechakaa katikati. Halina operesheni, na miwani hairudishi. Wakampa kioo cha kukuzia maandishi na karatasi ya kupeleka ustawi wa jamii.

Ustawi wa jamii Kilosa alimkuta kijana mmoja anaitwa Lupakisyo, mtu wa Mbeya, mwenye adabu. Akamwambia kuna vizimba viwili vya soko letu vilivyotengwa kwa watu wenye ulemavu, na havijapata mtu. Lakini kijiji lazima kimtambue kwanza kwenye mkutano, na kama hakuna wa kutambuliwa, vitarudishwa kwenye ndoo vichaguliwe upya. Domina akarudi na habari hiyo. Alikuwa amekonda. Wiki ile ile pikipiki ilikuwa imepanda turubai lake, ikapita juu ya maharage, na kama angekuwa ameegemea upande ule ingepita juu ya mguu wake. Kwake yeye ilikuwa kizimba au aache kuuza. Na akiacha kuuza atakwenda kukaa kwa nani?

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mimi nilikaa mbele, kwa sababu darasa lile nilisoma mimi, kabla halijawa na dirisha.

Lupakisyo akasimama. Akatuamkia wakubwa, akaeleza kuwa Domina si kipofu, bali ni mtu mwenye uoni hafifu.

Mzee Paulo masikio yake yana vumbi la mbao la miaka mingi. Akanyanyuka na dawati lake.

"Nani mwenye maoni hafifu? Watu hatujaanza kutoa maoni, wewe umeshayapima?"

Ilibidi watu waseme wote kwa pamoja, ni uoni, mzee, uoni, kuona. Akakaa, lakini hakuridhika, na mpaka mkutano unaisha alikuwa anasema kijana wa serikali ametukana maoni ya wazee.

Lupakisyo akaendelea. Akasema Domina anaona pembeni, haoni katikati. Hapo ndipo vurugu ya vichwa ilipoongezeka. Mtu mmoja akauliza, ukimpa sahani ya ugali anaona kingo bila ugali? Mwingine akauliza kama asimame pembeni ndiyo ataonekana. Mke wa katekista akauliza kama anasali macho ameyafumba au ameyafumbua. Mwenyekiti akauliza swali ambalo wote tulilitaka, "Kijana wangu, tuambie kwa kifupi, anaona au haoni?"

Lupakisyo akafikiri, akasema, "Vyote viwili, mwenyekiti."

Darasa zima likaguna. Mimi pia niliguna. Serikali inataka tumtambue mtu, halafu haitaki kusema ni mtu gani. Enzi zetu mtu alikuwa kipofu au si kipofu, na vipofu tuliwajua, walishikwa mkono.

Domina alikuwa amekaa dirishani, uso ameuelekeza ubaoni, mikono imeshika pindo la khanga.  Nadhani alikuwa ameshachoka kueleza.

Kisha akasimama Mudi. Mudi ni dereva wa pikipiki, kijana wa juzi tu, nilimshika mimi alipozaliwa. Ana sauti nzito isiyolingana na kifua chake. Mke wake naye alitaka kizimba, na wote tulijua, kwa hiyo vizimba vikirudi kwenye ndoo kwake ilikuwa heri. Akasema yeye hana ubaya na mama huyu, ila haki ni haki. Yule mama anaona vizuri sana, na ushahidi anao.

"Mimi napita pale kila asubuhi," akasema. "Sijapiga honi, sijamsemesha, nikisimama tu kungoja abiria ananiamkia yeye kwanza. Haoni vipi mtu anayeniona kabla sijafungua mdomo?"

Watu wakatazamana. Ilikuwa hoja. Hata Lupakisyo alikuna kichwa. Nikamwona Domina anageuza shingo polepole kutafuta ile sauti, kama mtu aliyeisikia mahali akasahau ni wapi.

Mwenyekiti akamuuliza Mudi, kwa kutaka tu kuandika vizuri, "Anakuamkia, anasemaje?"

"Anasema shikamoo."

Watu wote wakamgeukia. Hata watoto waliokuwa wanachungulia dirishani waliingiza vichwa ndani.

"Shikamoo," mwenyekiti akarudia. "Domina anakupa wewe shikamoo."

"Ndiyo."

"Na wewe unaitikiaje?"

Mudi ndipo alipogundua alikofika. Akatazama chini, akatazama mlango. Mzee Paulo, ambaye safari hii alikuwa amesikia kila neno, akamwambia ajibu.

"Marahaba," akasema Mudi, na ile sauti yake nzito ilikuwa imekwisha.

"Siku moja?" mwenyekiti akauliza.

"Siku zote."

Sijawahi kusikia darasa lile likicheka hivyo, halafu likaacha kucheka ghafla, kwa sababu kila mtu alikuwa ameelewa kitu kilekile kwa wakati mmoja. Mwanamke wa hapa kwetu, aliyelelewa na mama yule niliyekaa naye dawati moja, hawezi kumwamkia Mudi shikamoo. Mgonjwa hawezi. Mlevi hawezi. Hata mwenye kichaa hawezi, maana hao wapo na hukumbuka nani mkubwa. Ni mtu mmoja tu anayeweza, naye ni yule ambaye hajui kama aliyesimama mbele yake ni Mudi.

Domina akasema kwa sauti ndogo, lakini ilisikika, "Kumbe ndiye wewe. Nilidhani ni yule mzee wa misheni ya Berega anayekuja kununua maharage. Ulikuwa unaniuliza hujambo binti."

Mke wa Mudi akajifunika khanga usoni.

Mwenyekiti hakuuliza tena anaona au haoni. Akasema wanaomtambua Domina wanyooshe mikono, na mikono yote ilinyooka, ya Mudi nayo, kwa kuchelewa. Mzee Paulo akataka iandikwe kwamba kijana arudishe shikamoo zote alizochukua. Ngapi? Hakuna aliyejua. Ikaandikwa arudishe mpaka mwenyewe Domina aseme zimetosha.

Lupakisyo alibaki ameduwaa na karatasi yake ya daktari mkononi. Kwao Mbeya, akaniambia baadaye, karatasi ingetosha.

Kabla hatujatawanyika akatoa fimbo nyeupe ya kukunjwa, akamkabidhi Domina na kumwonyesha jinsi ya kuipapasia njia. Limi akasema fimbo nzuri, ila kwao fimbo bila ng'ombe haijawahi kuonekana. Watu wakacheka, wakulima na wafugaji pamoja, jambo ambalo sikumbuki lini limetokea. Kisha Lupakisyo akatuagiza neno moja gumu. Akasema kuanzia sasa mtu akimfikia Domina ataje jina lake kwanza, ndipo Domina aamkie au aamkiwe.

Wazee hatukulipenda. Mtu mzima nijitangaze? Nifike niseme mimi fulani, nisimame ningoje shikamoo yangu? Hiyo si ndiyo kuiomba kwenyewe? Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kwamba mchele nitanunua kwingine.

Kizimba alichopewa kilikuwa pembe ya mwisho kabisa, mwanga haufiki, hata sisi wenye macho tulikuwa tunapapasa. Pale Domina hakuona kingo wala katikati. Limi hakungoja mkutano. Alihamisha mizani yake, akaenda kukaa yeye kule gizani, akamwachia Domina kizimba chake cha mlangoni kwenye jua. Walipomuuliza akasema yeye amekua akikamua ng'ombe alfajiri, giza halimsumbui. Mchele wake wanaoutaka wataufuata.

Nilikaa muda bila kwenda. Nikanunua mchele kwingine, ukawa na mawe, nikatafuna moja na jino lililobaki likalalamika. Basi nikaenda. Nikafika mlangoni, nikasimama mbele ya Domina. Fimbo ameiegemeza ukutani, kikopo kipo mkononi. Akageuza shingo, akatazama sikio langu.

"Karibu," akasema, kisha akangoja.

Nikakohoa. Nilidhani atanijua kwa kikohozi.

"Karibu mwenzangu," akasema tena.

Mwenzangu! Mimi niliyemfunga mbeleko. Nilikuwa nageuka niondoke ndipo pikipiki iliposimama nje, na Mudi akaja hadi mlangoni, kofia mkononi, akasema kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, "Mama, ni Mudi. Shikamoo."

"Marahaba," Domina akamwitikia. "Bado nyingi."

"Najua, mama," akasema Mudi, akanipa na mimi yangu, akaondoka.

Nikabaki nimesimama na mfuko wangu mtupu. Kama Mudi amejitaja, na dunia haikupasuka, sijui mimi nilikuwa nangoja nini. Nikasema, na najua sauti ilitoka kama ya mtoto anayeitwa mbele ya darasa, "Domina. Mama Gabrieli hapa."

Uso wake ukafunguka wote.

"Shikamoo mama yangu."

"Marahaba mwanangu."

Akanipimia mchele. Na hapa ndipo akili yangu ilipogoma tena, maana wakati anapima huku uso ameuelekeza nje barabarani, mkono wake ulishuka kwenye lundo, ukachomoa kijiwe kidogo cheupe, cheupe kama mchele wenyewe, ukakitupa pembeni. Mimi sikuwa nimekiona, na nilikuwa nakodoa macho.

"Hilo jiwe umeliona?" nikamuuliza.

"Nimeliona, mama."

"Ulikuwa hata hutazami."

"Nikilitazama linapotea," akasema. "Nisipolitazama ndiyo naliona."

Nilichukua mchele wangu nikatoka. Pale nje nikainamisha kichwa juu ya mfuko, nikageuza shingo nitazame barabara, nione kama na mimi nitaona mawe. Sikuona jiwe. Nilimwona Limi tu, kwa pembe ya jicho, ametoka kule gizani, amejishika mbavu kwa kunicheka.